MAONI: Kamera itakunolea slaida, lakini kiwiko ni chako

Kijana mwenzangu, kama hujawahi kutazama besiboli, chukua simu utafute dakika za mwisho za fainali ya World Baseball Classic iliyochezwa Miami mnamo Machi 21, 2023. Japani inaongoza Marekani 3-2. Anayerusha ni Shohei Ohtani. Anayemsubiri na gongo ni Mike Trout, mwenzake katika klabu ya Los Angeles Angels wakati huo. Mtupo wa mwisho unakuja kwa kasi ya takriban kilomita 140 kwa saa. Unaonekana unaelekea katikati kabisa, halafu unahepa kando kama umevutwa kwa uzi. Trout anachapa hewa. Mechi kwisha.

Ule mtupo ni slaida, ile aina inayofagia upande. Najua wengi wetu hapa ni watu wa kandanda, raga na mbio, na huenda unajiuliza slaida yakuhusu nini. Vumilia kidogo. Hakuna mahali pengine kwenye michezo ambapo vijana wamechukua kamera na takwimu wakajitengenezea silaha mpya kabisa kama walivyofanya warushaji wa besiboli Marekani. Na hakuna mahali pengine ambapo bili imekuja haraka hivyo.

Tuanze na mpira wenyewe. Una uzito wa kati ya gramu 142 na 149, na ngozi yake imeshonwa kwa mishono pacha 108 ya uzi mwekundu. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa bamba anakosimama mpigaji. Mtupo wa kasi huchukua chini ya nusu sekunde kufika, kwa hivyo mpigaji hana budi kuamua mapema, karibu kwa kubahatisha. Mpira wa kasi huzunguka kinyumenyume na mzunguko huo huuzuia usishuke haraka. Ule wa kupinda huzunguka kwenda mbele na hudidimia. Slaida iko katikati. Umewahi kurusha pasi ya raga ikazunguka kama risasi? Slaida nyingi huzunguka karibu namna hiyo. Hewa haiuinui sana mpira wala kuushusha, basi mpigaji aliyejiandaa kwa mpira wa kasi hupiga mahali ambapo mpira haupo tena.

Kwa miaka mingi sana siri hii ilifundishwa kwa maneno tu. Kocha alikwambia shika hivi, zungusha mkono kama anayefungua mlango kwa kitasa. Wengine ilikubali, wengine wakaumia, na hakuna aliyejua kwa nini. Tusimlaumu kocha. Mpira unaozunguka mara 2,400 kwa dakika hugeuka mara 40 katika kila sekunde moja, na jicho la mtu halioni hapo ila ukungu mweupe. Kidole kipi kiliuacha mpira mwisho? Hakuna aliyeweza kuapa.

Ndipo vyombo vikaja. Mwaka 2015 viwanja vyote 30 vya ligi kuu ya Marekani, MLB, viliwekewa mtambo wa Statcast uliotumia rada na kamera kupima kasi, mzunguko na njia ya kila mtupo. Mwaka 2020 ligi ikahamia kamera za Hawk-Eye, zile zile ambazo mashabiki wa kriketi na tenisi wamezizoea kwenye televisheni.

Lakini mtambo wa uwanjani hukuambia tu kilichotokea jana. Kazi kubwa ilifanyika kwingine, kwenye karakana za mazoezi kama Driveline, katika mji mdogo wa Kent karibu na Seattle. Huko, kipupwe cha 2017 kuingia 2018, mrushaji Trevor Bauer wa Cleveland alienda na shida moja tu. Alikuwa na mpira wa kasi na mpira wa kupinda kwenda chini, lakini hakuwa na mtupo wa kuaminika wa kukata kando. Bauer alikuwa amesomea uhandisi wa mitambo chuoni UCLA, na alilishughulikia tatizo hilo kihandisi.

Kwanza alichagua lengo. Alizitazama slaida za Corey Kluber na Mike Clevinger, wenzake wa timu, na ya Marcus Stroman aliyekuwa Toronto. Akajua anataka mpira wake ufanye nini hewani. Kisha akasimika kamera ya Edgertronic, inayonasa picha mamia hadi maelfu kwa sekunde, na kifaa cha Rapsodo kinachosoma kasi na mhimili wa mzunguko. Akarusha. Akatazama video, akaona vidole vilivyoachia mpira, akasogeza kidole kidogo tu, akarusha tena. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kazi ya kuchosha, na ndivyo ilivyoendelea kipupwe kizima.

Mwaka 2017 wapinzani walikuwa wakimfunga pointi 4.19 kwa wastani wa kila mechi kamili ya awamu tisa. Mwaka 2018, slaida mpya mkononi, wastani huo ulishuka hadi 2.21. Haukuwa mtupo mmoja peke yake uliofanya yote hayo, lakini aliokuwa akiwakosesha usingizi wapigaji ni huo.

Hapa niseme jambo kabla hujaniandikia. Bauer simleti kwako kama kielelezo cha maisha. Mwaka 2022 ligi ilimsimamisha kwa muda mrefu chini ya sera yake dhidi ya dhuluma za nyumbani na za kingono. Yeye alikana madai hayo, na waendesha mashtaka hawakumfungulia kesi ya jinai. Ninachokitaka kwake ni utaratibu wa kazi, basi.

Na utaratibu huo umezaa maarifa ambayo hata wanasayansi hawakuwa nayo. Zamani tuliamini mpira hupinda kwa sababu ya mzunguko pekee. Vipimo vikaonyesha mipira iliyokwenda pasipoelezeka kwa mzunguko. Watafiti, akiwemo Profesa Barton Smith wa Chuo Kikuu cha Utah State, walieleza kwamba mishono yenyewe, ikikaa mahali fulani, hubadilisha namna hewa inavyoachana na mpira na kuusukuma kando zaidi. Mchezaji wa kriketi atacheka hapa, maana mishono kwake ni mambo ya kila siku. Waliokuwa Nairobi Gymkhana mwaka 2003, Collins Obuya alipowaangusha Wasri Lanka watano kwa mikimbio 24, hawahitaji kuhubiriwa kuhusu mpira unaogeuka. Warushaji wa besiboli wakaanza kupanga mishono makusudi, na ile slaida ya kufagia ikaenea mpaka Statcast mwaka 2023 ikaitenga kama aina yake ya mtupo.

Mpaka hapo ni hadithi tamu. Sasa tuje kwenye bili.

Ukishapima kitu na kukipa namba, watu watakifukuzia hicho hicho. Mzunguko ulipogeuka kuwa namba ya kuombea mkataba, warushaji wengi waligundua kwamba gundi kidoleni huongeza mizunguko kuliko miezi ya mazoezi. Kanuni zilikuwa zimekataza vitu hivyo tangu zamani, ila hakuna aliyejali sana. Juni 2021 waamuzi walianza kukagua mikono, kofia na mishipi ya warushaji katikati ya mechi, na wastani wa mzunguko ukashuka ligi nzima. Kifaa hakikudanganya hata siku moja. Kilisoma kwa uaminifu mzunguko uliotoka kwenye gundi.

Bili ya pili inauma zaidi, kwa sababu inalipwa na mwili. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kwanza wa kurejesha kano iliyochanika kiwikoni. Wakati huo lilikuwa jaribio la kukata tamaa. Leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake na umekuwa jambo la kawaida mno kwa warushaji. Ohtani yule wa Miami alichanika kano Agosti 2023, miezi mitano baada ya mtupo ule, akafanyiwa upasuaji wake wa pili mkubwa wa kiwiko, na hakurudi kurusha katika mechi ya ligi hadi Juni 2025. Sisemi slaida ndiyo iliyomchana. Hakuna anayeweza kusema hivyo kuhusu mtupo mmoja. Lakini Desemba 2024 MLB yenyewe ilitoa ripoti, baada ya kuzungumza na wataalamu zaidi ya 200, na ikataja vyanzo vya majeraha haya: kufukuzia kasi, kufukuzia mitupo yenye mpindo mkali zaidi, na kurusha kwa nguvu zote kila wakati. Tabia hiyo, ripoti ikasema, imeshuka hadi kwa chipukizi.

Hebu soma tena. Vitu vinavyopimwa vizuri zaidi duniani ndivyo vinavyoshukiwa kuwavunja wanaovipima.

Je, tuzitupe kamera? Hapana, jameni. Msimamo wangu ni kwamba vijana wamefundishwa kuzipenda namba za bei ghali na kuidharau ile ya bure. MLB na shirika la USA Baseball wana mwongozo uitwao Pitch Smart unaoweka kikomo cha mitupo kwa siku kulingana na umri. Mtoto wa miaka 11 au 12, mitupo 85. Wa miaka 13 au 14, mitupo 95. Halafu kuna siku za kupumzika kulingana na alivyorusha. Kuhesabu huko hakuhitaji rada wala Rapsodo. Kunahitaji kalamu, na mtu mzima mwenye ubavu wa kumwambia mtoto anayeshinda mechi, “Imetosha, toka.” Huyo mtu mzima ndiye adimu.

Nasi huku tunahusika. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia kule Beijing kwa mita 92.72. Tumeisimulia hadithi hiyo mpaka imechuja, lakini sehemu moja huwa tunairuka: Yego pia alikwenda Finland kunolewa na kocha. Video ilimfikisha mbali. Ilipofika mahali pa kujua ni lini aongeze nguvu na ni lini apunguze, alihitaji mtu.

Kwa hivyo wewe unayerusha mkuki shuleni, unayebowli kriketi mtaani, au uliyeanza kucheza besiboli juzi, una mengi ya kuiga kutoka Kent bila kununua chochote. Simu nyingi siku hizi zina mwendo wa pole wa picha 120 au hata 240 kwa sekunde. Hautaona mishono vizuri, lakini ukichora mstari mweusi kuuzunguka mpira kwa kalamu ya wino mzito, utaona kama mzunguko umenyooka au unayumba. Amua kabla ya kurusha unatafuta nini. Badilisha kitu kimoja. Kama hujui unatafuta nini, zima kamera uokoe chaji.

Na kwenye daftari hilo hilo, kabla ya kasi na kabla ya mpindo, weka safu mbili: umerusha mara ngapi leo, na kiwiko kilikuwaje asubuhi. Walimu wa michezo wanaopanga mashindano ya shule nao wanaweza kuanza muhula ujao kwa kumweka mwanafunzi mmoja mwenye karatasi kando ya kila mrushaji. Wakipata pesa za kamera baadaye, sawa. Karatasi ije kwanza.