Wasiokata kadi ya CHF si wajinga

Kila inapobainika kwamba kaya chache ndizo zenye kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), maelezo huwa yale yale: wananchi hawana mwamko. Diwani husema hivyo, mganga mfawidhi husema hivyo, na msomi wa mjini ambaye bima yake inachangiwa na mwajiri huirudia kauli hiyo kwa kujiamini. Sh30,000 kwa kaya ya watu sita, mwaka mzima! Ni Sh5,000 kwa kichwa. Ni shilingi themanini na kitu kwa siku kwa nyumba nzima. Anayeshindwa hiyo, tunaambiwa, hajui thamani ya afya yake. Apelekewe elimu.

Kauli hiyo ni ya uongo, tena ina madhara. Inamtwisha mama wa kijijini lawama, huku wanaopaswa kujibu maswali wakiachwa bila kuulizwa.

Tuanze na hiyo hesabu ya siku. Igunga, mkoani Tabora, ambako mfuko huu ulianza kwa majaribio mwaka 1996, watu hulima pamba. Fedha huingia wakati wa mauzo, katikati ya mwaka, na hapo hapo zinadaiwa kila upande: pembejeo, sare za shule, bati za nyumba. Mvua zikija na malaria ikapanda, pesa zimekwisha zamani. Hakuna mwandikishaji anayepokea shilingi themanini leo na themanini kesho. Anataka elfu thelathini kwa mkupuo. Ukizigawa kwa siku 365 unamfurahisha mwenye mshahara tu. Mkulima hapati unafuu wowote.

Lakini wapo wanaojinyima wakailipa. Wanapata nini? Mtoto anachemka homa, anapelekwa zahanati, anaandikiwa dawa, kisha dirishani mama anaambiwa, "Dawa hakuna, kanunue nje." Anakwenda duka la dawa muhimu na kutoa fedha ambazo alikwishazitoa alipokata kadi. Amelipia ugonjwa mmoja mara mbili. Mwaka ukiisha hairudii kadi hiyo, na jirani aliyeyaona yote haikati kabisa. Hapo mnasema hana elimu? Elimu anayo, na aliipata kwenye dirisha la dawa.

Wengine husema tatizo ni kwamba watu hungoja waugue ndipo wajiunge. Hilo lipo. Ndiyo sababu iliyotolewa mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliposimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, iliyokuwa Sh50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Lakini mzazi anayekimbilia kadi mtoto wake anapougua anaijua bima fika. Anatumia shilingi zake chache pale ambapo ana uhakika zitamsaidia. Huwezi kumwita mtu huyo mjinga na mjanja kwa wakati mmoja.

Tazama Kenya. Tangu Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima mpya ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Asiye na mshahara hupimwa kipato, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, usiopungua shilingi 300 za huko kwa kila mwezi. Mamilioni walijisajili, lakini wengi katika sekta isiyo rasmi hawakulipa, hadi serikali ikalazimika kuleta mkopo wa kulipia mchango. Mwamko wa kujisajili ulikuwepo. Fedha za mwaka mzima kwa siku moja ndizo hazikuwepo.

Hapa kwetu Tanzania, Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023. Sheria inaweza kumlazimisha mtu kuwa na kadi. Haiwezi kuleta dawa zahanati, wala kumpa mtu pesa ambazo hana. Tukiitekeleza huku tukiamini kwamba adui ni ujinga wa wananchi, tutaishia kufukuzana nao vijijini.

Yapo ya kufanya. Mchango ulipwe kidogo kidogo kwa simu, au ukatwe kwenye mauzo ya chama cha ushirika cha msingi (AMCOS) kwa anayeridhia. Zahanati ikikosa dawa iliyoandikwa, kadi impatie mgonjwa dawa hiyo katika duka la dawa muhimu, na mfuko ulipe. Ukomo wa watu sita kwa kaya usimwache nje bibi wala yatima anayekula chungu kimoja na wenzake. Na kaya isiyo na kitu ilipiwe na kodi zetu sote. Utaratibu wa tele kwa tele, ambamo Serikali iliongeza kiasi sawa na kilichochangwa na wananchi, ulikuwa na kasoro kubwa: palipochangwa kidogo kwa sababu ya umaskini, Serikali nayo iliongeza kidogo. Aliyehitaji zaidi alipata pungufu.

Kwa hiyo kiongozi atakayesimama kwenye mkutano wa kijiji kuhimiza kadi, kabla ya neno lolote kuhusu mwamko, awasomee watu orodha ya dawa zilizopo zahanati yao siku hiyo. Akishindwa kuisoma, hana haki ya kuwadai elfu thelathini.