Tuanze kuuliza bajeti ni ya nani

Na Rashid Mwakio

Julai 1965, jarida la East Africa Journal lilichapisha makala ya mchumi kijana aliyerejea Kenya kutoka Chuo Kikuu cha Harvard kabla ya kumaliza shahada yake ya uzamifu. Jina lake Barack Obama, baba mzazi wa rais wa zamani wa Marekani. Makala yale yanastahili kusomwa leo na kila mbunge anayeketi kupitisha bajeti.

Obama alikuwa akiujibu Waraka wa Bunge Nambari 10, sera ya Ujamaa wa Kiafrika iliyotoka mwaka huohuo katika wizara ya Tom Mboya. Waraka ulitaka fedha za maendeleo zipelekwe kule zitakakozaa zaidi: penye rutuba, mvua, reli na barabara. Kwingine kungoje. Yeye akauliza: maduka na viwanda vya Nairobi ni mali ya nani? Uchumi ukikua, utakuwa wa nani? Kuhusu ardhi, aliona ushirika wa ukoo ungefaa kuliko kumpa kila mtu hati yake. Sikubaliani naye katika yote. Alifika hata kusema kwamba, kinadharia, hakuna cha kuizuia serikali kutoza kodi ya asilimia 100 mradi wananchi wapate manufaa yanayolingana nayo. Hata hivyo aliuliza la maana, tena hadharani na kwa jina lake, sera ikiwa ingali mpya.

Miaka minne baadaye chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku, na sauti za namna hiyo zikawa za kunong'ona.

Hasara ya ukimya huo imepimwa. Mwaka 2015 wanauchumi watano, akiwemo Robin Burgess, walichapisha utafiti kuhusu barabara za Kenya kuanzia 1963 hadi 2011. Walikusanya ramani za zamani za Michelin na takwimu za matumizi ya serikali, wakafuatilia lami wilaya kwa wilaya. Walikuta kwamba, kwa kuzingatia idadi ya watu, wilaya za kabila la rais zilipata fedha za barabara mara mbili ya wengine, na lami mara tano. Mzee Kenyatta alipofariki 1978 na Moi akashika usukani, mkondo wa fedha nao ulihama, kutoka Kati kuelekea Bonde la Ufa. Kumbe hata ile kanuni ya Waraka, ya kufuata rutuba na mvua, haikuheshimiwa. Lami ilikwenda kwao mkubwa.

Lakini katika utafiti huohuo kuna jambo linalonipa moyo. Upendeleo huo haukuonekana katika miaka ya kwanza ya uhuru, na ulitoweka uchaguzi wa vyama vingi uliporejea mwishoni mwa 1992. Kabila za marais zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na watu wenye uhuru wa kuhoji.

Walioumia zaidi ni wa kaskazini, ambao hawakuwa na mvua ya kutosha wala rais. Kwa miongo mingi abiria wa Moyale alisafiri juu ya lori la ng'ombe, ameshikilia vyuma, vumbi kuanzia kope hadi meno, na mvua ikinyesha analala njiani mpaka tope likauke. Lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika katikati ya miaka ya 2010, zaidi ya nusu karne baada ya uhuru.

Katiba ya 2010 ilijaribu kurekebisha hayo. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, kikaitengea asilimia 0.5 ya mapato ya kitaifa kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Fedha zenyewe zimekuwa zikitolewa kwa kusuasua. Nayo Hazina iliwekewa miaka 20, ambayo inaisha 2030, isipokuwa Bunge liiongezee muda.

Waheshimiwa, msingoje mwaka huo. Iteni wanafunzi wa uzamifu wanaochambua bajeti katika vyuo vyetu, waeleze mbele ya kamati ni shilingi ngapi zilizofika Mandera, Turkana na Tana River, na Wizara ya Fedha ijibu papo hapo. Kisha pigeni kura ya kuiongezea Hazina muda.