Stima Ikipotea, Simu Isipotee
Makala yako kuhusu intaneti ya faiba ni nzuri, ila umeruka suala la stima. Tangu kebo za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zifike Mombasa mwaka 2009 tunasifu kasi tu. Waya wa shaba wa simu ya mezani ulileta umeme wake kutoka kituo cha simu; stima ikipotea, simu iliendelea kuita. Faiba hubeba mwanga peke yake. Kigawanyaji cha mwanga cha nguzoni hakihitaji umeme, lakini kisanduku cha ukutani nyumbani kinauhitaji, kwa hiyo intaneti na simu ya waya huzimika pamoja. Hapa Kitengela, na hata Kajiado mjini, mtu akizidiwa usiku atamwita nani? Kampuni za faiba, tunawaomba: mnapotuunganisha, tuwekeeni na betri ndogo.