MBWA WA NDEGE NA MBWA WA ZIZI

Hapa Chamwino yuko mtumishi mmoja wa umma anayejiandaa kwenda masomoni Ujerumani kwa muda wa miaka mitatu. Amekusudia kusafiri na kijibwa chake, tena si kwa kukitia shehenani pamoja na masanduku, bali ndani ya ndege pamoja na abiria, katika mfuko laini utakaowekwa chini ya kiti kilicho mbele yake. Habari hiyo ilipofika maofisini na katika vyumba vya walimu ilizua maneno mengi. Wako waliocheka. Wako waliokasirika, wakasema huo ni ubwanyenye mtupu na kasumba ya kizungu, kwamba mbwa apewe nafasi katika ndege ambayo wananchi walio wengi huiona ikipita angani tu. Na wako waliomtetea kwa kusema kwamba ulimwengu umeendelea, na asiyejua kusafiri na mbwa basi yeye ndiye aliyebaki nyuma.

Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo. Kijibwa hakina kosa. Mashirika mengi ya ndege yanayoruhusu jambo hilo huweka kikomo cha kilo 8 hivi, mbwa na mfuko wake pamoja; mwenye mbwa hulipa nauli yake, na mnyama hukaa mfukoni mpaka mwisho wa safari. Zipo nchi zilizokataa: Uingereza haipokei mbwa aliyeketi na abiria, isipokuwa mbwa anayemwongoza kipofu au kumsaidia mlemavu. Liko hata shirika kubwa la Dubai lisiloruhusu mbwa wa kufugwa nyumbani kuingia walipo abiria, lakini linaloruhusu mwewe wa kuwindia katika baadhi ya safari za Pakistan. Kila nchi na mabwanyenye wake! Hayo tuwaachie wenye ndege.

Lililonishughulisha mimi ni jalada. Ndugu yule alinionyesha jalada la safari la kijibwa chake, nami nimefanya kazi ya ualimu miaka mingi, nimeona majalada, lakini sijapata kuona jalada la mwanafunzi lililokamilika kama lile. Kwanza, mbwa amepachikwa chini ya ngozi kidude kidogo chenye namba, ili ajulikane popote aendapo. Pili, amechanjwa kichaa cha mbwa. Tatu, baada ya siku 30 tangu kuchanjwa, ametolewa damu, nayo imepelekwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya ili ithibitike kwamba chanjo imeshika mwilini. Nne, hata baada ya majibu kuwa mema, atangoje miezi mitatu kamili tangu siku ya kutolewa damu ndipo aruhusiwe kuingia. Mwisho, daktari wa mifugo wa Serikali atatia sahihi na mhuri.

Yote hayo yanawezekana katika nchi yetu. Chanjo imepatikana, daktari amepatikana, mhuri umepatikana. Hakuna aliyesema hakuna fedha, wala gari limeharibika, wala subirini mwaka wa fedha ujao. Hapana budi tujiulize: haya yote yamefanywa kumlinda nani? Si sisi. Yamefanywa kumlinda mtoto wa Ujerumani, nchi ambayo tangu mwaka 2008 imetangazwa kuwa haina tena kichaa cha mbwa kwa wanyama wa nchi kavu. Ulaya ilidai, nasi tukatii. Mtoto wa Mvumi, wa Haneti na wa Mpwayungu hana ubalozi wa kumdaia.

Tazama sasa mbwa wa zizi. Kila mwenye ng'ombe katika wilaya hii anamjua: mwembamba, mwenye makovu, anayetoka alfajiri na mifugo na kurudi nayo jioni, akabweka usiku kucha fisi wasisogee. Anafanya kazi kuliko baadhi yetu tulio maofisini. Huyo hana namba, hana cheti, na mara nyingi hajawahi kuiona sindano tangu azaliwe. Anayetembea naye kutwa ni mtoto wa miaka 10.

Nilikuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Aling'atwa mguuni na mbwa mgeni aliyeingia zizini mchana, akipepesuka na kutokwa na mate. Jeraha lilikuwa dogo. Nyumbani wakalifunga kwa dawa ya majani; zahanati iliyokuwa karibu haikuwa na chanjo, wakaambiwa waende mbali zaidi, tena na fedha mkononi. Baba akasema atauza mbuzi siku ya mnada. Mnada ukapita, jeraha likapona, na kila mtu akasahau. Baada ya miezi miwili hivi mtoto alianza kuogopa maji. Aliyewahi kuyaona hayo hahitaji kuelezwa, na asiyeyaona namwombea asiyaone. Ugonjwa huu ukishajitokeza hauna tiba, mgonjwa hufa. Dawati lake lilikaa tupu mpaka mwisho wa muhula.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na katika kila vifo 100 vipatavyo 99 hutokana na mbwa. Kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, watoto walio chini ya miaka 15 ni kama asilimia 40. Na haya si maradhi mapya yanayongoja mtaalamu. Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeng'atwa mwaka 1885, akapona. Ni zaidi ya miaka 140.

Najua majibu ya ofisini. La kwanza ni bunduki: mbwa wakizidi, tangazo linatolewa na wazururao wanapigwa risasi au kuwekewa sumu. Njia hiyo haimalizi ugonjwa. Huua waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, huwafanya wananchi kuwaficha mbwa wao au kuwahamisha, na nafasi za waliokufa hujazwa upesi na watoto wa mbwa wasio na kinga. Kinachomaliza ugonjwa ni kuchanja mbwa wapatao 70 katika kila 100, mwaka hata mwaka. Jibu la pili ni kwamba hakuna fedha. Lakini sindano ya mbwa ni rahisi mara nyingi kuliko sindano kadhaa za binadamu aliyekwisha kung'atwa, na kuliko mbuzi watatu wa baba yake.

Tena jambo hili limefanyika hapa nchini. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kwa mpango na ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, kwa kuwa mbwa asiye na cheti husafiri pia, hata kama hapandi ndege. Watu wakachanja upya, na kufikia mwaka 2018 ukawa umetokomezwa tena. Wapemba hawakungoja Ulaya iwadai.

Walimu wenzangu, msidhani haya ni ya bwana mifugo peke yake. Wakubwa miongoni mwenu mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati wananchi kwa mamilioni waliposikiliza redio katika vikundi, wakachimba vyoo na kufyeka nyasi. Nani aliyeongoza vikundi vile kama si walimu na watumishi wa kawaida? Leo kila shule ya msingi ya wilaya hii inaweza kuandika daftari la mbwa wa kijiji kwa siku mbili, kwa sababu watoto wanawajua wote kwa majina. Inaweza kumfundisha kila mtoto kwamba akiumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Na watumishi wa halmashauri wanaweza kuandika fungu la chanjo ya mbwa katika bajeti, kwa namba, wasilifiche ndani ya "shughuli nyinginezo", mahali ambapo mafungu huingia yasionekane tena.

Kijibwa cha ndugu yule bado kinangoja miezi yake mitatu. Nimemwendea daktari aliyetia sahihi jalada lake, nikamwomba afike shuleni kwetu tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na chanjo za kutosha mbwa wa vitongoji viwili. Amesema yuko tayari. Anachongoja ni barua ya halmashauri, nayo nimeiomba kwa maandishi.