"Remove" si "delete", jamani!

Wadau, leo nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Kuna mama mwenye duka hapa Spring Valley niliyemtengenezea daftari la madeni kwenye simu. Kando ya jina la kila mteja niliweka kitufe cha "Remove". Siku moja akataka kuwatoa kwenye orodha ya siku wateja waliosafiri. Akabonyeza. Majina yakaenda, madeni nayo yakaenda. "Kijana, si uliandika kuondoa? Mbona umefuta?"

Sikuwa na jibu. Tulikaa jioni nzima tukirudisha deni moja moja kutoka kichwani mwake.

Mtaniambia huu ni ubishi wa walimu wa Kiingereza. Sio! Ukiondoa sufuria jikoni, sufuria bado ipo, iko mahali pengine. Ukifuta maandishi ubaoni, yamekwisha. "Remove" ni la kwanza, "delete" ni la pili. Sisi waandishi wa programu tumeharibiwa na mashine. Kwenye Unix unafuta faili kwa rm, yaani "remove". Kwenye DOS ni del. Kwenye orodha za Python, remove hutafuta thamani na del hufuata nafasi. Basi tunazoea kwamba yote ni mamoja, tunachagua lile linalotosha kwenye kitufe. (Na yule aliyeuliza "Cancel order?" halafu akaweka vitufe "OK" na "Cancel", nikimpata...)

Kinachoniudhi zaidi ni kusikia eti Kiswahili hakina msamiati wa kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice tangu 2004! Tuna kufuta, kuondoa, kuficha, kughairi, kubatilisha. Shida ni kwamba huwezi kufasiri "Remove" kabla hujajua kodi yako inafanya nini hasa. Kiswahili kinakubana useme. Kwa hiyo siku hizi kila kitufe nakiandika kwa Kiswahili kwanza, hata kama programu itatoka kwa Kiingereza. Nikikwama, najua ni kodi ndiyo haijaeleweka, wala si lugha.

Daftari la mama sasa lina vitufe viwili: "Ficha leo" na "Futa kabisa". Amesema hicho cha pili kimuulize mara mbili kabla ya kufanya lolote. Nakaa nacho usiku huu.