Mcheza kwao hutunzwa: Kikapu cha Marekani na somo kwa Tabora

JUNI 25, 2009, Tanzania iliingia katika kumbukumbu za mpira wa kikapu duniani. Siku hiyo Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa na umri wa miaka 22, alichaguliwa na klabu ya Memphis Grizzlies akiwa mtu wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. James Harden aliitwa baada yake, akiwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba. Kabla ya hapo hakuna Mtanzania aliyewahi kuvaa jezi ya ligi hiyo.

Tangu wakati huo wapenzi wa mchezo huo wamebishana mara nyingi kuhusu sababu za Thabeet kutofikia kiwango cha Harden au Curry. Mjadala huo umefunika swali kubwa zaidi. Njia aliyoipita kijana huyo iliwaachia nini vijana waliobaki nyuma, hususan wale wa mikoa iliyo mbali na Dar es Salaam, kama Tabora?

Ili kulijibu, inafaa kwanza kuitazama njia yenyewe. Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, alisoma Shule ya Sekondari Makongo, kisha akaondoka kwenda kumalizia masomo ya sekondari Houston, Marekani. Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Katika msimu wake wa tatu alikuwa na wastani wa pointi 13.6 kwa mchezo, na timu yake ilifika nusu fainali ya ubingwa wa vyuo. Urefu wake wa zaidi ya mita mbili uliwafanya washambuliaji wasogee golini kwa hofu.

Mambo yalibadilika alipoingia katika ligi ya kulipwa. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujamalizika, alipelekwa katika ligi ya chini ili kupata uzoefu. Alizichezea klabu nne za NBA kati ya mwaka 2009 na 2014, akacheza michezo 224 kwa wastani wa pointi 2.2, kisha akaendelea na kazi yake Japani na Taiwan. Kwa kijana aliyechelewa kuushika mpira, hayo ni mafanikio ambayo wengi hawayaoti. Hata hivyo, yanaonyesha pengo la miaka ya utotoni ambalo chuo, hata kiwe tajiri namna gani, hakiwezi kuliziba katika misimu mitatu.

Vyuo vikuu vya Marekani ndivyo kitalu cha NBA. Kwa mujibu wa makubaliano ya mwaka 2005, mchezaji hawezi kuteuliwa kabla ya mwaka anaotimiza miaka 19, hivyo walio wengi hupitia chuoni japo kwa mwaka mmoja. Hapo hupata ada, malazi, chakula, matibabu na walimu wa mchezo wa daraja la juu. Kwa upande wa pili, vyuo huvuna fedha. Mwaka 2010 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliingia mkataba wa miaka 14 wenye thamani ya dola bilioni 10.8 na vituo vya televisheni kwa ajili ya mashindano ya kikapu ya wanaume. Vijana waliokuwa wakionyeshwa hawakuruhusiwa kulipwa mshahara.

Hali hiyo ilianza kubadilika Juni 2021, pale Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwa kauli moja dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston. Mwezi uliofuata wanamichezo wa vyuo waliruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao. Juni 2025 mahakama iliridhia makubaliano yanayoviwezesha vyuo kuwalipa moja kwa moja. Lakini mwanafunzi anayetoka Afrika huingia kwa viza ya masomo, ambayo humwekea mipaka mikali katika kufanya kazi ya malipo. Mlango uliofunguliwa kwa mwenzake Mmarekani kwake uko nusu wazi.

Aidha, elimu yenyewe haina uhakika. Mwaka 2013 timu ya kikapu ya wanaume ya Connecticut ilizuiwa kushiriki mashindano ya taifa kwa sababu ya maendeleo duni ya masomo ya wachezaji wake katika miaka iliyotangulia. Mwaka uliofuata ilitwaa ubingwa. Na kati ya wachezaji wa vyuo wanaofikia ukomo wa kucheza chuoni, ni karibu mmoja tu katika mia anayechukuliwa na NBA. Waliosalia hutegemea shahada, kama waliipata.

Watu wa Tabora wanaijua njia inayochukua nguvu za vijana na kuzipeleka mbali. Katika karne ya 19 mji huo, ulioitwa Kazeh na wageni, ulikuwa kitovu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Burton na Speke walipoondoka pwani Juni 1857, walifika hapo Novemba. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliolipwa nguo na shanga huku faida kubwa ikibaki kwa matajiri wa Unguja na pwani. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na jambo hilo halipaswi kusahaulika.

Lakini mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru aliyepatana ujira wake, na safari yake ilikuwa na marejeo. Aliondoka kiangazi na kujitahidi kurudi kabla ya msimu wa kilimo. Kilichopatikana pwani kiliingia katika mahari, mifugo na heshima ya nyumba yake. Kijiji kilimtuma na kijiji kilinufaika. Njia ya kikapu, kwa jinsi ilivyo leo kwa Tanzania, ina kwenda tu.

Haikupasa kuwa hivyo, na majirani wamethibitisha. Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyefariki dunia mwaka 2024, alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown akitaka kuwa daktari. Kikapu kikambadilishia njia, lakini mwaka 2007 alifungua hospitali mjini Kinshasa yenye jina la mama yake. Luol Deng, aliyechezea Chuo Kikuu cha Duke kwa mwaka mmoja na kisha kung'ara NBA, alishika uongozi wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini. Chini yake nchi hiyo iliyopata uhuru mwaka 2011 ilicheza Kombe la Dunia la 2023 na Olimpiki ya Paris ya 2024. Katika timu ya Paris alikuwamo Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda. Naye alipitia Duke, na Juni 2025 akachaguliwa wa kumi katika uteuzi wa NBA.

Tofauti kati ya mifano hiyo na Tanzania haipo katika urefu wa vijana. Ipo katika ngazi zinazomsubiri kijana nyumbani. Tabora ina Shule ya Wavulana iliyoanzishwa na serikali ya Waingereza katika miaka ya 1920, ambako Julius Nyerere aliingia mwaka 1937, na jirani yake ipo ya Wasichana. Kikapu kimo katika michezo ya UMISSETA. Lakini kijana anapomaliza kidato cha sita ngazi hukatika, kwa kuwa vyuo vya nchini havikujengwa juu ya utaratibu wa kupokea na kufadhili wanafunzi kwa vipaji vya michezo. Mwenye kipaji hubakiwa na njia mbili: kuacha mchezo, au kumtegemea mgeni atakayemwona na kumchukua.

Wapo wanaosema kwamba mkoa wenye uhaba wa madawati na maabara hauna sababu ya kufikiria kikapu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, uwanja wa kikapu ni sakafu ya saruji, milingoti miwili na mbao zake, na shule mbili au tatu zinaweza kuutumia kwa pamoja. Tabora ina Chuo cha Ualimu, na ina chuo kikuu kishiriki kinachobeba jina la Askofu Mkuu Mihayo. Mwalimu anayehitimu akiwa na ujuzi wa kufundisha mchezo huo atawafikia watoto wa miaka kumi, umri ambao Thabeet alikuwa bado hajaanza.

Kwa wale watakaopata nafasi ya kuondoka, wazazi na shule zinapaswa kuuliza kabla ya kutia saini. Ufadhili unadumu miaka mingapi? Mtoto akivunjika goti, nani atamtibu, na je, ataendelea kusoma? Nani mlezi wake huko? Asipochaguliwa NBA, atarudi na shahada gani? Kiongozi wa msafara wa zamani hakuondoka Unyanyembe bila kujua mzigo, ujira na siku za njia. Mzazi wa leo hapaswi kujua pungufu ya hayo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ili kijana wa Tabora atunzwe, sharti kwanza apewe mahali pa kuchezea kwao. Akishapata hapo, safari ya Marekani itakuwa hiari yake, naye atakuwa na pa kurudi na cha kurudia.