Ada ya mdogo wangu na ripoti ya duka la dawa

Samahanini kwa ukimya, zamu za usiku zilinibana mwezi mzima. Leo nina neno moja, na najua litamkera mtu mmoja huko Tanga, ila bora niliseme hapa wote msikie.

Mnalijua lile duka la dawa tulilofungua na dada mkubwa. Mahesabu yake yako kwenye Tally, ile programu ya India inayotumiwa na maduka mengi. Mwaka jana tulitupa katoni mbili za dawa ya maji ya watoto zilizopitwa na muda, huku mpya zikiuzwa mbele yake. Na mimi nesi jamani! Wodini dawa inayokaribia kuisha muda ndiyo inayotoka kwanza. Basi tukataka ripoti moja tu: dawa zote zilizobakiza chini ya siku 90. Fundi akatutoza. Tulipotaka aongeze bei ya kununulia, akatutoza tena.

Ndipo mdogo wangu akaomba ada ya kusomea Java, ili ripoti atengeneze yeye. Nikasema ngoja kwanza niulizie huku. Nikalipa riyali 900 kwenye kituo kimoja hapa Doha, Ijumaa nne mfululizo, siku yangu ya kupumzika. Tukafundishwa kuingiza ankara. Ankara tu! Kubadilisha ripoti, mwalimu akasema, ni kozi nyingine. (Dola moja ni riyali 3.64, pigeni hesabu wenyewe, mimi sitaki.)

Aliyeniokoa ni jirani yangu hapa Abu Hamour, mama mmoja mhasibu kutoka Kerala, tuliyezoeana kwa kubeba mifuko pamoja tukitoka Dar Al Salam Mall. Alicheka aliposikia Java. Ripoti za Tally zinaandikwa kwa lugha yake yenyewe, TDL. Unaitaja ripoti, ndani yake fomu, ndani ya fomu sehemu, halafu mstari, halafu kijisanduku. Mimi niliona karatasi ya joto la mgonjwa: karatasi, jedwali, mstari wa saa kumi na mbili, kijisanduku cha kuandika 38.5. Na maelezo ya lugha hiyo kampuni imeyaweka kwenye tovuti yake, bure.

Kisha akaniuliza faili la fundi linaishia na herufi gani. Nikampigia dada, akasoma: tcp. Kumbe hilo limeshafungwa, Tally inalisoma lakini mtu hawezi kulifungua alirekebishe. Lazima uwe na lile la asili, na fundi amebaki nalo. Kosa letu, hatukulidai siku ya kulipa.

Lakini lililoniuma zaidi ni hili. Tally ina sehemu yake ya kuweka bechi na tarehe ya kuisha, unaiwasha kwa kila bidhaa. Kwetu dawa kadhaa hazikuwashwa, kwa hiyo hazikuwemo kabisa kwenye ripoti tuliyoilipia mara mbili! Hata angekuja bingwa wa kuandika programu, tarehe ambayo hakuna aliyeiingiza angeitoa wapi?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunisema mtakavyo. Ada ya Java situmi sasa. Siyo uchoyo, na Java si mbaya, ila haitaziokoa dawa za dada. Anayepaswa kujifunza kwanza ni dada mwenyewe, maana ndiye anayejua swali. Kijana akae pembeni yake aandike. Mdogo wangu, pakua yale maelezo ya TDL, uanze na ripoti ndogo ya mistari kumi. Ukiniletea ile safu ya bei ya kununulia imekaa mahali pake, nitatuma ada ya kozi yoyote unayoitaka. Hela ipo, sijaila.

Dada, Ijumaa nakupigia saa nne asubuhi, saa zetu ni sawa na zenu. Uwe umeshapanda kwenye rafu ya dawa za kikohozi, tarehe zote uziandike kwenye daftari, chupa kwa chupa.